Mwaka wa Kuvaa Masikio

Habari za kifo cha Mama Nasim zilinifikia ndani kabisa ya masikio, na hapo sitii chumvi. Mashine za kusikia ninazovaa siku hizi huungana na simu bila waya, hivyo mtu akinipigia, sauti yake huja moja kwa moja katikati ya kichwa, kana kwamba anaongea kutoka ndani yangu. Nilikuwa Woolwich, hapa London, kwenye foleni ya muuza ndizi za kupika, mifuko mikono yote miwili, sauti ya Nasim ikaingia: "Dada Stela, Mummy ametutoka asubuhi hii." Muuzaji alikuwa ameinua kichane cha ndizi ananisubiri nimjibu. Nilisimama pale nikalia mbele ya watu, na bibi mmoja nyuma yangu akanishika bega akamwambia muuzaji ampunguzie dada wa watu, maana bei zimezidi.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa Nasim, Stanmore, kwenye sebule ambayo makochi yake yalikuwa yamesogezwa ukutani na shuka nyeupe zimetandikwa chini. Wajukuu wa Mama Nasim ni wakubwa sasa. Kiswahili wanakielewa chote, hata cha utani, ila ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza. Mmoja wao, msichana anayesomea udaktari, alikaa karibu yangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kama ni kweli bibi yake alinikaangia bajia ili kupima mashine za masikio. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni kweli, na kwamba bajia zenyewe ziliungua. Akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Tell me." Nilimweleza kidogo tu, kwa kuwa watu walikuwa wanaingia na kutoka. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasomea ukalimani, na nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma, ghorofani, kwenye nyumba ya Mama Nasim kule Rayners Lane. Mama Nasim alizaliwa Mwanza, akakulia Mwanza, akaolewa Mwanza, na ingawa alikuwa ameishi London miaka mingi kuliko umri wangu, Kiswahili chake kilikuwa bado cha sokoni, cha kupandisha sauti na kupiga meza. Mumewe alikuwa amefariki, binti yake Nasim ameolewa. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati lililonuka iliki, na dirisha lililotazama reli. Sikumbuki kamwe kuwa treni zilinisumbua. Nilidhani nimezizoea. Chini, jikoni, kulikuwa na meza ndogo ya duara iliyofunikwa plastiki yenye maua, na hapo ndipo tulipoishi hasa, yeye na mimi, kati ya sufuria ya kuku wa nazi na redio iliyofunguliwa mpaka mwisho. Televisheni ya sebuleni nayo ilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Tuliongea kwa sauti kubwa, tukiwa tumetazamana usoni, na tulielewana kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Nasim akija Jumapili alisimama mlangoni akauliza, "Mnagombana?" Sisi tulikuwa tunaulizana nani aongeze chumvi. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili wasiosikia, na kila mmoja alikuwa anamsifu mwenzake kwa sauti nzuri.

Yeye alijua kuhusu masikio yake. Mimi sikujua kuhusu yangu, au nilijua kama mtu anavyojua mlango wa nyuma haufungiki vizuri, akaendelea kulala. Darasani nilikaa mbele. Kwenye simu nilipenda watu waniandikie. Kwenye sherehe za Watanzania wenzangu nilicheka wengine walipocheka, nikichelewa kidogo. Na nilipoanza kufanya ukalimani wa vibarua kwenye ofisi ya mawakili Woolwich, nikitafsiri kwa ajili ya Wakongo walioomba hifadhi, nikawa na kisingizio kizuri sana: nikikosa neno nilisema ni Kiswahili chao. Ni kweli Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina njia zake. Wao husema "balikuya" pale ninaposema "walikuja". Lakini nilikuwa nimekizoea baada ya miezi miwili tu, na maneno yakaendelea kupotea.

Ofisi ile ilikuwa juu ya duka la wigi. Ngazi nyembamba, zulia la kijivu, chumba cha mahojiano kilichotengwa na chumba cha kusubiria kwa ukuta wa mbao nyembamba. Wakili aliitwa Helen, mama mrefu wa makamo, mpole, aliyependa kumenya chungwa wakati anasikiliza. Siku moja ya mvua, mwishoni mwa majira ya baridi, aliingia mwanamke kutoka Fizi, huko mashariki ya Kongo, aitwaye Furaha. Alikuwa ananizidi labda miaka kumi. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya koti, na mkononi alishika ncha yake kama anayeshika mkono wa mtu. Alikuwa ameshakataa wakalimani wawili kwa sababu walikuwa wanaume. Alinisalimia, "Dada, habari ya mvua?" nikampenda hapo hapo.

Saa nzima tulikwenda vizuri. Jina la kijiji, jina la mto, watoto wangapi, shamba la nini. Kisha Helen akamwuliza kuhusu mumewe. Furaha aliinua ile ncha ya kitenge akajifunika mdomo, akaendelea kuongea nyuma yake, macho yakiwa mezani. Na sauti ikapotea. Haikupotea yote. Nilisikia mvumo wake, kupanda na kushuka, kama mtu anayeongea chumba cha pili, lakini herufi zilikuwa zimeondoka. Nilipata "balimupiga". Kisha nikapata kitu kinachofanana na "akafa palepale". Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia Helen kwa Kiingereza kwamba alikufa papo hapo, kitu kikanizuia. Sijui ni nini. Labda ni vile mabega ya Furaha hayakushuka kama mabega ya mtu aliyefika mwisho wa habari.

Nikamwuliza, "Samahani, dada. Umesema akafa, au hakufa?"

Alishusha kitenge. Alinitazama usoni. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama tunavyowaambia wazee, kila kipande peke yake, "Ha-ku-fa. Hakufa palepale." Nyuma ya ule ukuta wa mbao watu waliokuwa wanasubiri walinyamaza. Mtu mmoja akakohoa. Furaha akaendelea kunitazama, bila hasira hata kidogo, akaniuliza polepole, "Dada, unasikiaka vizuri?"

Nilimgeukia Helen nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba sisikii vizuri, na kwamba yaliyobaki siwezi kuyatafsiri leo kwa sababu sina uhakika nayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno hayo kwa lugha yoyote. Helen aliweka chungwa lake chini. Alisema nimefanya vyema kusimama, kwamba ataomba muda zaidi kwenye kesi, na kwamba atatafuta mkalimani mwingine wa kike. Nikamtafsiria Furaha. Akatikisa kichwa. "Huyu aliuliza," akasema, akininyooshea kidole. "Wengine kule uhamiaji habakuuliza, baliandika tu. Nitangoja huyu." Helen alipata muda mpaka mwisho wa kiangazi, na tukaachana hivyo.

Nilifika nyumbani nikakaa kwenye meza ya plastiki bila kuvua koti. Mama Nasim alikuwa anachambua dengu. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye lile neno alisukuma sinia pembeni akanishika kidevu, akanigeuza kichwa upande huu na upande ule, kama vile kosa linaonekana kwa nje. "Kumbe ndiyo maana tunapatana," akasema. Kisha akainuka, akafungua droo ya vijiko, akatoa kisanduku kidogo cheusi, kizuri kama cha pete. Ndani kulikuwa na mashine mbili ndogo sana, kila moja kama mbegu ya tende. "Pauni elfu mbili na mia tano," akasema. "Mkwe wangu alinichagulia. Alitaka zisionekane, asije mtu akasema mama mkwe kiziwi. Zinafanya kazi. Lakini betri yake ni kama punje ya mtama, na mimi vidole hivi," akaninyooshea vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi, "siwezi hata kufungua kikopo cha jamu. Kila betri ikiisha nimngoje Nasim Jumapili. Kwa hiyo wiki nzima nasikia Jumapili tu. Sikushindwa masikio, mwanangu. Nilishindwa vidole."

Daktari wa mtaa alinipa rufaa ya hospitali, ambako mashine hutolewa bure, lakini foleni ilikuwa ndefu, na aliyepokea simu aliniambia ni miezi. Nikaingiwa na hofu. Tena niseme kilichonisumbua zaidi ya foleni: nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nimeona mashine za hospitali. Zilikaa nyuma ya sikio kama kamba mkavu, rangi ya biskuti, rangi ambayo aliyeichagua hajawahi kutazama sikio la mtu kama mimi. Nilitaka zile za mbegu ya tende. Nilikuwa na akiba ya karo ya mwaka wa mwisho wa masomo, na nilikuwa tayari kuivunja. Mama Nasim hakunikataza. Alisema tu, "Twende wote. Wewe utasikiliza mashine, mimi nitamsikiliza muuzaji."

Duka lilikuwa safari fupi kwa treni kutoka kwetu, lenye kapeti nene na maua mapya mezani. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye tai, hana ubaya wowote. Alinipima ndani ya chumba kidogo kisichopenya sauti, akanionyesha mstari uliochorwa kwenye karatasi. Mstari ulianza juu vizuri, ukaenda, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Akaeleza kuwa sauti nene nazisikia, sauti nyembamba ndizo zinaniponyoka, na humo ndimo zinamokaa herufi kama s, f, h na sh. Ndipo nilipoelewa kwa nini nilisikia watu wakiongea na bado sikusikia walichosema. Akapanga jozi tatu kwenye kitambaa cha mahameli. Ya kwanza pauni elfu moja na mia mbili. Ya pili elfu mbili. Ya tatu, ndogo kuliko zote, elfu tatu na ushee, na hiyo ilikuwa kodi ya chumba changu ya mwaka mzima.

"Hii elfu tatu," Mama Nasim akamwuliza, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "ni ya mashine au ni yako?"

Kijana akatabasamu. Akasema bei inajumuisha vipimo, kurekebisha, kusafisha na matengenezo kwa miaka kadhaa.

"Basi nitenganishie. Mashine bei gani, na kuhudumiwa bei gani?"

Akasema haziuzwi mbali mbali. Mama Nasim akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Huyu angekuwa Mwanza angeuza samaki pamoja na ziwa." Nilijikaza nisicheke. Kijana akanivalisha ile jozi ndogo, akaongea, na pale kwenye kapeti nene sauti yake ilikuwa nzuri ajabu, kila herufi imesimama. Niliona machozi yakinilenga. Nilikuwa nimeshaigusa pochi. Mama Nasim akauliza kama tunaweza kutoka nazo. Kijana akasema ndiyo, kuna muda wa majaribio, unalipa kwanza na usiporidhika unarudisha, isipokuwa pesa ya vipimo. "Vizuri," akasema Mama Nasim. "Kwa sababu huyu binti haishi kwenye kapeti lako."

Hapo ndipo zilipoingia bajia. Tulifika nyumbani, hata hakuvua viatu, akabandika karai jikoni, akafungua bomba la maji, akawasha feni ya kutoa moshi na redio, akaanza kumimina vijiko vya unga wa dengu kwenye mafuta. Kisha akanigeuzia mgongo akaongea. Nilisikia mafuta. Nilisikia mafuta kama mvua ya mawe juu ya bati, na feni, na maji, na mahali fulani chini ya hayo yote mtu anaongea. "Nimesema nini?" akageuka kuuliza. Sikujua. Akarudia tena, akageuka tena, mpaka tukasikia harufu. Bajia zilikuwa nyeusi. Tulizila hivyo hivyo kwa chatne ya ukwaju, tukizikwangua kwa kisu.

Niliendelea kuzitetea. Nilisema masikio yanahitaji kuzoea, na hilo ni kweli, kila anayevaa mashine analijua. Wiki za kwanza ubongo hupigwa butwaa. Nikazivaa kwenda Woolwich kupeleka karatasi ofisini. Pale sokoni, katikati ya wauza viazi vitamu na vitambaa, nilikutana na Furaha na wenzake wawili kutoka kanisani kwao. Wakongo husalimiana kwa kugusanisha mapaji ya uso, upande huu, upande ule, tena upande huu. Alipolileta paji lake karibu na sikio langu mashine ilipiga mluzi, mkali, kama birika. Akarudi nyuma. "Dada, simu yako inalia," akasema. Nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba. Wale wawili wakanisaidia kutafuta. Nilirudi Rayners Lane nimekaa dirishani kwenye treni, na kila nilipoegemea kioo, mluzi.

Jioni hiyo Mama Nasim aliniwekea sahani ya muhogo wa nazi mbele yangu akakaa. Nilidhani atasema, "Nilikuambia." Aliuliza tu, "Stela, unanunua kusikia, au unanunua kutoonekana? Mimi nilinunuliwa kutoonekana. Sijaonekana kweli. Hata kwenye mazungumzo sijaonekana." Nilikula muhogo wote. Siku iliyofuata nilirudisha zile mashine. Yule kijana alinirudishia pesa zangu bila maneno, akatoa ya vipimo, na akaniambia kwa nia njema kwamba kwa mstari kama wangu huenda kubwa zingenifaa zaidi. Nilimshukuru. Ningemshukuru zaidi kama angelisema hilo mwanzoni.

Hospitali iliniita mwanzoni mwa kiangazi, kwa sababu mtu alikuwa ameahirisha. Mama Nasim alikuwa ameomba rufaa yake mwenyewe bila kuniambia, na akawabembeleza kwenye simu mpaka wakatuweka siku moja. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukila karanga kutoka kwenye mkoba wake. Kila jina likiitwa hakuna aliyeinuka mara ya kwanza, chumba kizima, mpaka muuguzi akawa anapita anamwonyesha kila mtu karatasi yenye jina. Nadhani hapo ndipo aibu ilipoanza kunitoka. Niliwatazama wale wazee wa Kiingereza, mama mmoja wa Kisomali, fundi bomba mwenye suruali yenye madoa ya rangi, wote wamekaza macho kwenye midomo ya muuguzi, nikaona ndugu zangu.

Mpimaji alikuwa Mwailandi mwenye mikono mikubwa, jina lake Declan. Alinijaza masikioni uji mzito wa baridi, kama unga wa chapati uliotoka kwenye friji, ukagandia humo ukachukua umbo la sikio langu, na kwa umbo hilo wakatengeneza plastiki ya kuniziba vizuri ili mashine isipige mluzi. Hospitali yetu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutoa mashine za kidijitali. Tuliporudi wiki chache baadaye kuvalishwa, niliona hazikuwa ndogo. Declan aliziweka kwenye kiganja akanitazama mimi na nywele zangu nilizosuka zikafunika masikio. "Zile za ndani ya sikio ni nzuri kwa anayekosa kidogo," alisema taratibu, uso wake umeelekea kwangu. "Wewe hukosi kidogo. Unahitaji nguvu, na nguvu inahitaji nafasi." Kisha akaniuliza swali ambalo dukani hawakuniuliza: nataka kumsikia nani, na wapi? Nikamwambia kuna mwanamke anayeongea chini chini, na huziba mdomo anapoongea. Akazirekebisha kwa ajili ya huyo.

Nilitoka nje nikashtuka. Karatasi mkononi mwangu ilikuwa na sauti. Viatu vyangu vilikuwa na sauti. Sauti yangu mwenyewe ilitoka kama niko ndani ya pipa. Mama Nasim, naye amevaa zake mpya, kubwa, zenye betri ambayo vidole vyake viliweza kuishika, alisimama kwenye kituo cha basi akasikia nikimwambia kitu, akafumba macho. "Punguza sauti, mwanangu," akasema. "Kwa nini unanipigia kelele?" Tulitazamana, tukaanza kucheka, watu wa kituoni wakatupisha.

Wiki zile zilikuwa na kelele na furaha. Televisheni ilishushwa, jirani akaja kuuliza kama tuko salama. Treni nilizisikia, na usingizi ukanipaa mpaka nikajifunza kuvua mashine kabla ya kulala. Nilikwenda Woolwich kwa msusi Mkongo nikamwambia anifunge nywele juu, masikio nje. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Na kila siku, baada ya chakula, Mama Nasim alinifanyisha mazoezi. Alifungua bomba la maji, akajifunika mdomo kwa mtandio wake, akatamka maneno mawili mawili, nami nikarudia. Akaja, hakuja. Akala, hakula. Akalala, hakulala. Mwanzoni nilipata moja kati ya mbili, kama anayebahatisha. Baadaye ile h ilianza kujitokeza, nyembamba, kama pumzi ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Alitunga mamia ya maneno hayo, mengine ya kuchekesha, akaoga hakuoga, akajamba hakujamba, mpaka nashika mbavu. Lile neno moja hakulitamka hata mara moja. Nilitambua hilo miaka mingi baadaye, nikiwa na nyumba yangu mwenyewe, nikiosha vyombo, na ilibidi nikae chini.

Furaha alirudi mwishoni mwa kiangazi. Helen alikuwa amebadilisha chumba, tukawa nyuma kabisa, mbali na wanaosubiri. Furaha alinitazama nywele, akatazama masikio, akainua kidole akagusa ile mashine kidogo, kama mtu anayegusa hereni ya rafiki. "Hii ndiyo inasikia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Aksanti." Kisha akakaa, na alipofika pale tulipokuwa tumeishia alijifunika mdomo kwa kitenge, akainamisha macho, akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. Nikasikia. Nilisikia h zote. Sikumwomba arudie hata neno. Mumewe hakufa palepale. Aliishi mpaka asubuhi ya tatu, na katika siku hizo alisema mambo, naye Furaha aliyasema yote pale, kwa sauti ambayo alitaka kuyasemea, na mimi nikayapeleka upande wa pili wa meza kama yalivyo. Mambo yenyewe sitayaandika. Ni ya kwake. Kesi yake ilichukua muda, lakini alikubaliwa kukaa, na mpaka leo anaishi Woolwich, na watoto wake wamekuwa watu wazima warefu.

Siku hiyo lakini hatukuyajua hayo. Nilirudi Rayners Lane nikiwa nimechoka hadi mifupa. Jua lilikuwa bado halijazama, mlango wa bustani uko wazi, na Mama Nasim alikuwa amepika pilau, siku isiyokuwa ya sherehe. Alinitazama nilivyoingia. Hakupaza sauti, siku hizo hatukuwa na haja.

"Ulisikia?"

"Nilisikia yote."

"Pole, mwanangu," akasema.

Akanivutia kiti. Akaja nyuma yangu, na kwa vile vidole vyake vilivyopinda akanivua mashine, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto, akazilaza mezani juu ya yale maua ya plastiki. Akaniinamia usoni, nikaona midomo yake ikisema, polepole ili niisome, kwamba kwa leo nimesikia vya kutosha. Kisha akavua na zake, akakaa mbele yangu, tukala.